Lambo hukauka, ghala hubaki na popo: jibu kwa mjumbe wa serikali ya kijiji

Swali: Mimi ni mjumbe wa serikali ya kijiji katika Wilaya ya Chamwino. Ndani ya miaka minane tumejengewa ghala la mazao, ambalo sasa lina popo, na lambo la mifugo, ambalo hukauka kila mwaka mwezi wa Agosti. Lambo la pili limekamilika kwa fedha za Serikali, na mwishoni mwa Mei tunatakiwa kusaini makabidhiano. Wananchi wanasema miradi hii inakufa kwa sababu ya wizi. Je, ni wizi peke yake? Na sisi tusaini au tusisaini?

Ndugu Mjumbe,

Nianze na neno lililo midomoni mwa wananchi wako, maana nikilikwepa utadhani ninawakingia kifua watu wa fani yangu. Wizi upo. Katika zaidi ya miaka 25 ya kusimamia mabwawa madogo, skimu za umwagiliaji na majengo ya kilimo katika mikoa ya kati, nimekuta mifuko ya saruji ikiwa mingi kwenye karatasi kuliko ukutani, na nimekuta nondo za milimita 12 zikigeuka za milimita 10 baada ya mkaguzi kuondoka. Hata hivyo, nimeona pia miradi iliyojengwa na watu waaminifu, kwa saruji iliyotimia na nondo zilizotimia, nayo ikafa vilevile. Hiyo ndiyo iliyonifundisha zaidi, kwa sababu mradi ambao haukuibiwa ukafa hauna pa kusingizia.

Kwa maoni yangu chanzo ni hiki: fedha za umma hununua jengo, na kila anayehusika hupimwa kwa jengo. Mkandarasi hulipwa kwa mita za ujazo alizochimba. Mhandisi hupimwa kwa asilimia ya utekelezaji. Halmashauri huulizwa kama fedha zimetumika kabla ya tarehe 30 Juni. Diwani hutaka jiwe la uzinduzi. Ng'ombe anayefika lambo mwezi wa Novemba akakuta matope hayumo katika taarifa ya mtu yeyote. Ndiyo maana taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hurudia, mwaka baada ya mwaka, kutaja miradi iliyokamilika lakini haitumiki. Katika vitabu imekamilika kwelikweli, wala hakuna aliyedanganya.

Ninyi wa Chamwino mko jirani na mfano mkubwa kuliko yote. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza ilituma ujumbe uliozunguka Afrika Mashariki kwa muda mfupi kutafuta ardhi ya kulima karanga, na mwaka 1947 kazi ya kufyeka mapori ikaanza Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Lengo lilikuwa zaidi ya ekari milioni 3. Yaliletwa matrekta yaliyobaki vitani, mengine yakiwa yameundwa kutokana na vifaru. Ikaanzishwa bandari ya Mtwara pamoja na reli yake huko kusini. Kilichowashinda Kongwa kilikuwa chini ya miguu yao. Udongo wa pale ukikauka hukakamaa kama sakafu, na mchanga mkali uliomo hula majembe. Mvua nazo hazikufika kwa kiasi wala kwa wakati uliowekwa kwenye mpango. Mwaka 1951 mradi uliachwa, na pauni zipatazo milioni 36 zikafutwa katika hesabu za Uingereza. Wagogo wa eneo lile walikuwa wakilima mtama na uwele na kufuga ng'ombe kwa sababu walikwisha kuijua mvua yao, lakini ujuzi huo haukuwa na safu yake katika jedwali la gharama. Sehemu ya ardhi ile baadaye ikawa ranchi, yaani ilirudi kwa ng'ombe.

Mtu anaweza kusema hayo ni ya wakoloni na kwamba tatizo letu ni uhaba wa fedha. Miaka ya nyuma hoja hiyo ilikuwa na uzito. Lakini bajeti ya Wizara ya Kilimo ilipanda kutoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi zaidi ya shilingi trilioni 1.2 mwaka 2024/25, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo imeelekezwa kwenye umwagiliaji. Fedha zinapoongezeka huku utaratibu ukibaki uleule, kinachoongezeka ni ukubwa wa makosa. Kwa hiyo tuutazame utaratibu, na tuanze na kalenda, ambayo watu wengi huiona kuwa jambo dogo la ofisini.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Mwaka wa mvua wa Dodoma ni mwingine: mvua huanza Desemba, hukatika Aprili, na jumla yake kwa kawaida ni kati ya milimita 550 na 600, huku miezi saba iliyobaki ikiwa kiangazi kikavu. Anayejenga tuta la udongo anaihitaji miezi hiyo saba. Sasa fuata safari ya fedha. Bajeti hupita Juni. Zabuni hutangazwa Agosti au Septemba. Tathmini, majadiliano na upekuzi wa mkataba huchukua wiki nyingi hata sasa ambapo ununuzi unafanyika kwa mfumo wa kielektroniki wa NeST. Malipo ya awali hutoka Novemba au Desemba. Mkandarasi huleta makatapila yake siku mvua ya kwanza inaponyesha. Kisha, kuanzia Machi, barua huanza kumiminika kumtaka aharakishe ili fedha zisirudi Hazina.

Nitakueleza kwa mfano wa tuta nililolisimamia mwenyewe, katika halmashauri ambayo sitaitaja, maana sehemu ya kosa ni yangu. Ilikuwa Februari. Udongo ulikuwa ule mweusi wa mbuga, ambao ukilowa hunasa kiatu na ukikauka hupasuka nyufa zinazomeza mkono hadi kiwiko. Udongo wa tuta hupimwa maabara ili kujua kiasi cha maji kinachofaa wakati wa kushindilia, lakini fundi mzoefu ana kipimo chake cha haraka: anachukua konzi, anafinya, anafungua kiganja. Donge likishikamana na kiganja kikabaki karibu kisafi, udongo unafaa. Likimomonyoka, ni mkavu mno. Asubuhi ile nilifinya, na udongo ukapenya katikati ya vidole vyangu kama ugali mbichi. Rola ilipopita juu yake, tuta zima lilikuwa likibonyea na kuinuka nyuma yake, kama godoro. Jibu sahihi lilikuwa kusimamisha kazi hadi Mei. Niliandika barua ya kusimamisha. Nikajibiwa kwamba muda wa fedha unakwisha. Nikaidhinisha hati ya malipo. Mwaka uliofuata lambo lilijaa kwa mara ya kwanza, na siku ya nne maji yalitoboa tuta kandokando ya bomba la kutolea maji, mahali ambapo siku zote ni pagumu kushindilia. Nilifika jioni. Tundu lilikuwa pana kiasi cha kupitisha mbuzi, na watoto walikuwa wakiokota samaki kwenye tope. Hakuna aliyeiba hata debe la udongo katika mradi ule.

Dawa inajulikana. Mwaka wa kwanza utengewe upimaji, usanifu na ununuzi peke yake, ili mkandarasi awe eneo la kazi mwezi wa Mei wakati ardhi imeanza kukauka, na mkataba uvuke tarehe 30 Juni kwa idhini iliyoombwa mapema. Sheria haikatazi mkataba wa zaidi ya mwaka mmoja. Kinachokosekana ni mtu wa kukubali taarifa yenye asilimia sifuri ya ujenzi katika mwaka wa kwanza, kwa sababu sifuri hiyo hutafsiriwa kuwa uzembe.

Sasa nije kwenye lambo lenu la kwanza linalokauka Agosti. Sijaliona, lakini nikiambiwa nikisie, nitasema ni pana na halina kina, kwa kuwa mengi niliyoyaona ni hivyo. Tuchukue kundi la ng'ombe 500, kila mmoja akinywa lita 30 kwa siku. Hizo ni mita za ujazo 15 kwa siku, na kwa siku 210 za kiangazi ni mita za ujazo 3,150. Mnywaji mkubwa zaidi ni jua. Katika uwanda wa Dodoma, maji yaliyo wazi hupungua kwa takriban milimita 6 kwa siku, yaani mita moja na robo kwa kiangazi kizima. Lambo la mita 80 kwa 80 lenye kina cha mita moja na nusu, ukihesabu mteremko wa kingo, hubeba karibu mita za ujazo 8,900. Katika hizo jua huchukua karibu 8,000. Zinazobaki haziwatoshi ng'ombe wako zaidi ya miezi miwili.

Chimba sasa lambo la mita 50 kwa 50 lenye kina cha mita 4. Litabeba kama mita za ujazo 7,100, pungufu ya lile la kwanza, na kwa hiyo hata uchimbaji utakuwa mdogo. Jua halitaweza kuchukua zaidi ya 3,150, kwa sababu uso wa maji ni mdogo. Zinazobaki ni karibu 4,000, nazo zinawavusha ng'ombe hadi Desemba. Hesabu hii ni ya haraka. Haikuingiza maji yanayozama ardhini, ambayo kwenye mfinyanzi wa mbuga ni kidogo lakini kwenye kichanga humaliza lambo zima, wala haikuzingatia kwamba uso wa maji husinyaa kadiri yanavyopungua. Lakini inatosha kuonyesha kwamba lambo pana lilikauka tangu siku lilipochorwa. Mkandarasi hulipenda kwa sababu katapila husukuma udongo wa juu kwa wepesi, ilhali chini ya mita mbili mara nyingi hukutana na tabaka gumu linalokula meno ya mashine na mafuta. Na siku ya uzinduzi, lambo pana likijaa, linapendeza machoni kuliko la kina.

Hata lambo lenye kina lina adui wa pili, ambaye ni mchanga. Hapa Dodoma hatuna udhuru wa kusema hatukujua. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti walipima mmomonyoko na ujazo wa tope katika mabonde ya mabwawa yanayoizunguka Dodoma, yakiwemo Ikowa, Matumbulu na Msalatu, wakakuta mabwawa yakijaa tope kwa kasi iliyofupisha sana umri wake. Ikowa lilijengwa katika miaka ya 1950 kwa ajili ya umwagiliaji. Hombolo, la mwaka 1957, nalo limepoteza sehemu ya ujazo wake kwa tope. Sababu haipo kwenye tuta. Ipo juu, kwenye vilima vilivyokatwa kuni na mkaa, kwenye mapito ya ng'ombe, kwenye mashamba yaliyolimwa kufuata mteremko, ambako mvua chache lakini kali za hapa hushuka na udongo wote wa juu. Mradi wa bwawa huishia kwenye mpaka wa maji, kwa sababu kilima kiko katika kijiji kingine na fungu la kupanda miti na kujenga matuta ya kukinga maji liko katika idara nyingine.

Serikali iliwahi kuupanda mlima wenyewe. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililoharibika la Kondoa. Uoto ulirudi, na makorongo mengi yakatulia. Wafugaji walilipa gharama kubwa kwa amri ile, na mimi siipendekezi kwenu. Lakini ni ushahidi kwamba mchanga unaweza kuzuiwa pale unapotoka. Kwa lambo dogo kama lenu inatosha kuwa na kidaka tope mahali maji yanapoingilia, kitakachofukuliwa kwa majembe na matoroli kila Oktoba, pamoja na mbauti za kunyweshea mifugo zilizowekwa nje ya uzio, ili ng'ombe wasiingie majini na kubomoa kingo kwa kwato. Tazama jedwali la kazi na gharama la lambo lenu jipya. Uzio na mbauti kwa kawaida huwa ukurasa wa mwisho, na ukurasa huo ndio wa kwanza kukatwa fedha zikipungua.

Kuhusu ghala lenye popo nitasema machache, kwa sababu kosa lake ni la aina moja. Nadhani lilijengwa pale kijiji kilipokuwa na kiwanja kisicho na mwenyewe, si pale lori linapopakia. Linganisha na soko la mazao la Kibaigwa, wilayani Kongwa. Pale wafanyabiashara walikuwa tayari wakisimama kando ya barabara kuu ya Dodoma na Morogoro kununua mahindi. Majengo yalikuja kulihudumia soko lililokuwa hai. Ghala la kijiji mara nyingi hujengwa kwa matumaini kwamba soko litalifuata. Mkulima wa alizeti au mtama anayedaiwa ada na mbegu huuza Juni, kwa bei ya Juni, hata kama ghala ni la vigae. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005 ilikusudiwa kumwezesha kuweka mazao na kukopa kwa stakabadhi, lakini hilo linataka ghala lenye leseni, mizani iliyokaguliwa, bima, mwendesha ghala anayelipwa, na mzigo wa kutosha kumshawishi mnunuzi afunge safari. Vitu hivyo vyote vinagharimu fedha za kila mwaka, na fedha za mradi ni za mara moja. Familia nayo bado ina kilindo chake cha kuhifadhia nafaka ndani, au mifuko isiyopitisha hewa iliyonunuliwa dukani, na haina sababu ya kubeba gunia kilomita tatu kulilaza kwenye sakafu inayopandisha unyevu. Ghala lenu linaweza kufufuka iwapo chama cha ushirika kitapata mnunuzi kwanza. Msiruhusu litiwe rangi kabla ya hapo.

Nije kwenye sahihi yenu.

Msikatae kusaini kwa hasira, na msisaini kwa haraka. Ombeni kwanza muonyeshwe mchoro na jedwali la kazi na gharama; ni mradi wa umma na ninyi ndio mtakaoutunza. Kisha nendeni lamboni na kamba, jiwe na futi. Pimeni kina sehemu tano au sita sakafuni, mkilinganisha na usawa wa utoro wa maji, yaani mlango wa kupitishia maji yanayozidi. Pimeni pia tofauti kati ya utoro huo na kilele cha tuta katika sehemu yake ya chini kabisa: ikiwa ni chini ya mita moja, andikeni, kwa sababu tuta la udongo likifurikwa juu hukatika usiku mmoja. Chomekeni nondo nyembamba kwenye tuta, hasa kandokando ya bomba. Ikizama kwa mkono mmoja, andikeni hilo pia. Mtakayoyaona yaingie kwenye orodha ya kasoro inayoambatishwa na hati ya makabidhiano, yakiwa na vipimo. Orodha isiyo na vipimo hujibiwa kwa maneno.

Lakini jambo ninalotaka mlishikilie kuliko yote ni kipindi cha matazamio. Katika kipindi hicho sehemu ya malipo ya mkandarasi huzuiwa, na kasoro yoyote inayojitokeza anairekebisha kwa gharama zake. Mikataba mingi midogo huweka miezi sita. Mkisaini mwishoni mwa Mei, miezi sita itakwisha mwishoni mwa Novemba, na kwenu mvua huanza Desemba. Mkandarasi atalipwa fedha yake iliyozuiwa na kuondoka kabla tone moja halijagusa tuta lile. Likitoboka Januari litakuwa lenu. Someni mkataba unasemaje. Ukitaja miezi kumi na miwili, sainini pamoja na orodha yenu ya kasoro. Ukitaja sita, mwandikieni Mkurugenzi wa halmashauri kabla ya siku ya makabidhiano, nakala kwa mhandisi wa wilaya na kwa diwani, mkiomba yafanyike marekebisho ya mkataba ili matazamio yafike mwisho wa Mei mwakani. Kwa kuwa mkandarasi naye ana haki ya kukataa kuongezewa muda ambao hakuukubali, pendekezeni njia ya pili: makabidhiano yawe ya awali tu, na hati ya mwisho isitolewe hadi kasoro zote za orodha yenu zirekebishwe na kupimwa tena mbele yenu. Barua hiyo iende mapema Mei. Ikifika tarehe ishirini na kitu, meza ya Mkurugenzi itakuwa imejaa hati za malipo za mwisho wa mwaka wa fedha, na yenu itakuwa chini kabisa.